Kufunga Programu kwa Ghala la Jumuiya: Mwongozo kwa Fundi wa Uvira

Mwongozo huu ni wako wewe fundi wa Uvira, Sange, Fizi au Baraka unayetumia Linux kila siku. Umeshazoea kusakinisha programu zilizofungwa na wengine, na sasa unataka kufunga ya kwako ili na wengine waisakinishe. Tutashika mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili, ile inayotumiwa na LibreOffice na programu nyingine zinazotegemea hunspell.

Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza ni ndogo, faili mbili tu, kwa hiyo mwanafunzi hapotei njiani. Pili inatuhusu. Mwanafunzi wetu akiandika kazi yake kwa Kifaransa, ghala rasmi la Arch Linux lina kifurushi cha hunspell-fr, na makosa yake yanaonyeshwa. Akiandika tangazo la shule, la kanisa au la ushirika wa wavuvi kwa Kiswahili bila kamusi, hakuna wa kumwonyesha alipokosea. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo humfikia mtu pale tu mwingine anapokubali kuifunga vizuri na kuitunza mwaka hadi mwaka. Hiyo kazi ya pili haina sifa nyingi, lakini bila yake ya kwanza hupotea.

Ghala la jumuiya ni nini

Kila familia ya Linux ina maghala yake. Debian na Ubuntu hutumia faili za .deb, Fedora hutumia .rpm, Arch hutumia .pkg.tar.zst. Pembeni ya ghala rasmi, Arch ina ghala la watumiaji linaloitwa AUR, lililoanzishwa mwaka 2005. Yeyote mwenye akaunti anaweza kuweka kitu humo. Anachoweka si programu yenyewe, bali maelekezo ya kuijenga: faili inayoitwa PKGBUILD, inayosema chanzo kinapatikana wapi, kinahakikiwaje, kinajengwaje na kila faili inakaa wapi. Mtumiaji hupakua maelekezo hayo, huyasoma, kisha huijenga programu kwenye kompyuta yake kwa amri ya makepkg.

Kwa Debian, mgeni anahitaji mdhamini, na kifurushi kipya hukaguliwa kabla hakijaingia. Kwa AUR hakuna anayekagua kabla hujachapisha. Ndiyo maana kanuni za kufunga zina uzito mkubwa humo: ndizo uzio pekee uliopo kati ya kosa lako na kompyuta ya mwenzako.

Kwetu huku zina uzito zaidi. Mega tunanunua. Umeme unakatika katikati ya kazi, ingawa mto Ruzizi wenye mabwawa ya umeme unapita jirani nasi. Kifurushi kilichofungwa ovyo humla mtu wa Kavimvira mega zake zote, kisha kinakataa kujengeka dakika ya mwisho, na yeye hakujui wala hana namba yako. Shika jambo hili moja unaposoma yote yanayofuata: kila kanuni ipo kumlinda mtu ambaye hutamwona. Mzigo unaopakiwa bandarini Kalundu huandikwa jina la mwenyewe na la kule unakokwenda, kwa sababu atakayeupokea Kalemie hakuwepo ulipofungwa. Kifurushi nacho ni hivyo hivyo.

Kabla ya kuandika mstari wowote

Tafuta kwanza. Angalia ghala rasmi kwa pacman -Ss (pacman ndiyo programu ya Arch ya kusakinisha vifurushi), kisha tafuta ndani ya AUR yenyewe. Ukikuta kifurushi kipo katika ghala rasmi, usikiweke tena AUR, kitafutwa. Ukikikuta AUR lakini kimechakaa, kitie alama kuwa kimepitwa na wakati na umwandikie mtunzaji wake kwa heshima. Ukikuta ni yatima, yaani hakina mtunzaji, kichukue ukitunze. Vifurushi viwili vya kitu kimoja huwagawa watumiaji na kuwachosha watunzaji.

Kisha fungua PKGBUILD ya ndugu wa karibu wa kitu chako. Kwa kamusi yetu, ndugu huyo ni hunspell-fr. Ona faili zimewekwa wapi, ona mahitaji yameandikwaje, ona viungo vya ziada vilivyowekwa kwa ajili ya programu za zamani. Ghala lote linapofuata mpangilio mmoja, mtu akijua kifurushi kimoja ameshavijua kumi. Usibuni njia mpya pale iliyopo inafaa.

Jina

Jina huandikwa kwa herufi ndogo. Namba zinaruhusiwa, pamoja na alama chache kama nukta, mstari wa chini, jumlisha na kistari, ila jina lisianze kwa kistari wala nukta. Fuata jina ambalo wenye programu wenyewe wanalitumia, na kama kuna ukoo, fuata ukoo. Kamusi za hunspell zote huanza na hunspell-, zikifuatiwa na msimbo wa lugha. Yetu basi ni hunspell-sw.

Kuna viambishi vya mwisho vyenye maana ambayo watu huitegemea:

-git: kifurushi kinachochukua msimbo wa leo hii moja kwa moja kutoka git, si toleo lililotangazwa.

-bin: kifurushi kinachochukua programu iliyokwisha kujengwa, ingawa chanzo chake kipo wazi.

Usiweke kiambishi ambacho hakisemi kweli. Na kabla ya kuchagua -git mfikirie jirani yako: makepkg hunakili historia nzima ya mradi, tangu siku ulipoanza, si faili za leo tu. Mradi wa miaka ishirini unaweza kummaliza mtu mega za wiki. Kama mradi hutangaza matoleo, funga toleo.

Maelezo mafupi, yaani pkgdesc, yasizidi herufi 80 hivi, na yasirudie jina la kifurushi. «Kamusi ya tahajia ya Kiswahili kwa hunspell» inatosha. Katika AUR maelezo hayo huandikwa kwa Kiingereza, ili watu wa lugha zote wakipate wanapotafuta.

Toleo, na mtego wa tarehe

Toleo lina sehemu mbili. Ya kwanza, pkgver, ni ya wenye programu. Ya pili, pkgrel, ni yako. Wakitoa toleo jipya, unabadilisha pkgver na kurudisha pkgrel kuwa 1. Ukirekebisha PKGBUILD peke yake, kwa mfano ulisahau faili moja, unaacha pkgver kama ilivyo na kuongeza pkgrel kuwa 2. Kistari hakiruhusiwi ndani ya pkgver. Kama wenyewe wameandika 1.0-beta, wewe andika 1.0_beta.

Kamusi nyingi hazina namba ya toleo. Watu wengi hutumia tarehe ya badiliko la mwisho, kwa mfano 20240115. Hapo kuna mtego. Siku wenyewe wakiamua kuanza kutoa matoleo na kuita la kwanza 1.0, pacman italinganisha 1.0 na 20240115, itaona ya zamani ndiyo kubwa, na hakuna mtumiaji atakayepata toleo jipya. Hakikisha mwenyewe kwa amri ya vercmp. Dawa yake ni epoch, namba inayokaa mbele ya toleo na kushinda ulinganisho wote: epoch=1, na toleo linasomeka 1:1.0-1.

Epoch ni dawa ya mwisho, kwa sababu ukishaiweka haiondoki tena maisha yote ya kifurushi. Na kwetu ina tatizo la ziada ambalo mtu mwenye mtandao wa nyaya hatalihisi. Alama ya nukta mbili huingia kwenye jina la faili, na flashi zilizopangwa kwa FAT32 au exFAT, ambazo ndizo karibu zote sokoni, hazikubali jina lenye nukta mbili. Faili inagoma kunakiliwa. Kama unajua kifurushi chako kitasafiri kwa flashi, chagua mpangilio wa toleo vizuri tangu siku ya kwanza ili usije ukaihitaji epoch.

Chanzo na uhakiki wake

Kamusi ya Kiswahili imo ndani ya mkusanyo wa kamusi za LibreOffice, pamoja na lugha nyingine makumi, katika folda inayoitwa sw_TZ. Njia rahisi kwa mfungaji ni kupakua mkusanyo mzima na kuchukua faili mbili. Njia inayomjali mtumiaji ni kuchukua zile mbili peke yake, kutoka kwenye badiliko moja maalumu la git:

_commit=namba_ndefu_ya_badiliko
_url=https://raw.githubusercontent.com/LibreOffice/dictionaries
source=("sw_TZ-$pkgver.aff::$_url/$_commit/sw_TZ/sw_TZ.aff"
"sw_TZ-$pkgver.dic::$_url/$_commit/sw_TZ/sw_TZ.dic")

Tazama mambo matatu hapo. Vigezo ulivyovibuni mwenyewe huanza na mstari wa chini, ili visigongane na vile vya makepkg. Namba ya badiliko imeandikwa wazi, kwa hiyo atakayejenga mwakani atapata faili zile zile ulizozipima wewe leo. Na kila faili imepewa jina lenye toleo ndani yake, mbele ya alama ya nukta mbili zilizorudiwa. Sababu ni kwamba mafundi wengi huweka vyanzo vyote katika folda moja ya akiba inayoitwa SRCDEST. Faili ikiitwa sw_TZ.dic tu, toleo jipya litakuta faili ya zamani yenye jina hilo hilo, litaitumia, na uhakiki utakataa bila mtu kuelewa kwa nini.

Baada ya hapo endesha updpkgsums. Itapakua faili na kuandika alama za sha256 ndani ya PKGBUILD. Alama hizo ni ahadi: faili ikibadilika hata herufi moja, iwe kwa hila au kwa mtandao uliokatika katikati, makepkg itasimama. Neno SKIP, linaloruka uhakiki, ni la vifurushi vya -git na faili za saini tu. Usilitumie kuficha hitilafu. Kama wenye programu wanatia saini matoleo yao, weka na saini yao kwenye orodha ya vyanzo na namba ya ufunguo wao katika validpgpkeys.

Pakua usiku, jenga mchana

Kanuni nyingine inasema: kila kinachohitaji mtandao kimalizike kabla ya hatua ya kujenga. Vyanzo vyote viwe katika source. Kwa programu za Rust, vitegemezi hupakuliwa ndani ya prepare() kwa cargo fetch --locked, kisha build() huendesha cargo build --frozen, ambayo haigusi mtandao kabisa.

Wengi wanaona hayo ni urasimu. Kwetu ni riziki. Kifurushi kinachofuata kanuni hiyo kinampa mtu nafasi ya kuendesha makepkg -o usiku, wakati mtandao ni mwepesi, hatua inayopakua, kuhakiki na kufungua vyanzo bila kujenga. Kesho yake, umeme ukiwapo na mega zimekwisha, anaendesha makepkg -e na kujenga kutoka vile vilivyokwisha kufunguliwa. Kifurushi kinachochungulia mtandaoni katikati ya build() kinamnyima nafasi hiyo, na hatajua mpaka kimeshindwa.

Mahitaji

Mahitaji yako ya aina nne, na kila moja ina kazi yake.

depends: vitu ambavyo bila hivyo programu haifanyi kazi.

makedepends: vinavyohitajika wakati wa kujenga tu. Usiandike vilivyomo katika base-devel, maana vinachukuliwa kuwa vipo tayari.

checkdepends: vya kupima tu.

optdepends: vinavyoongeza uwezo, kila kimoja kikifuatiwa na maelezo mafupi ya kile kinachoongeza.

Kwa kamusi yetu jibu linashangaza kidogo. Faili za maneno hazihitaji programu yoyote ili zikae kwenye diski. Basi hunspell inaandikwa katika optdepends, na depends inabaki tupu. Kila jina unaloongeza kwenye depends bila haja ni mega unazomtoza mtu. Na kila jina unalolisahau ni kifurushi kisichowaka kwenye kompyuta ya mwingine, ingawa kwako kinawaka kwa sababu ulishasakinisha kitu hicho zamani.

Kuhusu conflicts na provides: kifurushi cha -git huandika kwamba kinatoa kile cha kawaida na kwamba hakiwezi kukaa nacho pamoja. Lakini usitumie replaces kwa sababu tu chako unakiona bora. Neno hilo ni la kifurushi kilichobadilishwa jina.

Kila faili na mahali pake

Kwa kuwa faili zetu ni maandishi tu, tunaandika arch=('any'). Uchaguzi huo una faida ya kweli kwa maofisi na shule zenye kompyuta kuukuu. Arch iliacha kuhudumia mashine za biti 32 mwaka 2017, na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, nayo haitoi tena kiini wala kisakinishi cha mashine hizo. Jumuiya ndogo za pembeni bado zinazihudumia, na kifurushi cha any kinafaa kwao pia bila kubadilisha kitu. Programu inayokompailiwa huandikwa arch=('x86_64').

Hatua ya mwisho huiweka kila faili ndani ya folda ya muda inayoitwa $pkgdir:

package() {
  install -Dm644 "sw_TZ-$pkgver.aff" "$pkgdir/usr/share/hunspell/sw_TZ.aff"
  install -Dm644 "sw_TZ-$pkgver.dic" "$pkgdir/usr/share/hunspell/sw_TZ.dic"
}

Zungushia "$pkgdir" na "$srcdir" alama za kunukuu kila mara, kwa sababu mtu anaweza kuwa anajengea ndani ya folda yenye nafasi katika jina lake. Usiweke kitu ndani ya /usr/local, hiyo ni ya mwenye kompyuta, wala ndani ya /home. Na usimwamuru mtu aendeshe makepkg kwa mamlaka ya root, yenyewe itakataa.

Sasa swali ambalo kila mtu wa Uvira atauliza. Faili zinaitwa sw_TZ, na Unicode inautambua msimbo sw_CD kwa Kiswahili cha Kongo. Je, tuongeze kiungo cha sw_CD kinachoelekea sw_TZ, ili kamusi ifanye kazi kwa aliyechagua Kongo? Ushauri wangu ni hapana. Pacman hairuhusu vifurushi viwili kumiliki faili moja. Siku mtu wa Uvira, Bukavu au Lubumbashi atakapokusanya maneno tunayosema na kuandika huku, atataka kuyaweka katika sw_CD.dic, na atakuta mahali pamekwisha kukaliwa na kiungo chako. Mwachie nafasi. Aliyechagua Kongo na anaihitaji leo anaweza kutengeneza kiungo hicho ndani ya kompyuta yake kwa amri moja.

Kwa sababu hiyo hiyo, usiingize maneno ya kwetu ndani ya kamusi ya wenyewe ukiwa unaifunga. Mfungaji hubadilisha kile tu kinachozuia programu kujengeka au kukaa mahali pake. Ukiona neno limekosekana, lipeleke kwa wenye kamusi, limfae kila mtu. Ukiona ni maneno mengi ya kutosha, anzisha kamusi nyingine yenye jina lake.

Leseni

Fungua faili ya maelezo iliyomo katika folda ya sw_TZ na usome leseni iliyotajwa humo. Usikisie kutokana na leseni ya LibreOffice. Kila kamusi katika mkusanyo ule ina mwenyewe na masharti yake. Iandike kwa msimbo wa SPDX, ambao Arch ilianza kuutumia mwaka 2023, kwa mfano MIT au GPL-3.0-or-later. Leseni ambazo maandishi yake hubeba jina la mwandishi, kama MIT, lazima ziwekwe ndani ya /usr/share/licenses/ ikifuatiwa na jina la kifurushi. Kazi isiyo na leseni si ya umma, hata kama iko wazi mtandaoni. Mwandikie mwenyewe uombe atamke.

Pima kabla ya kupeleka

Kufanya kazi kwenye kompyuta yako si kipimo. Endesha namcap juu ya PKGBUILD na juu ya kifurushi kilichojengwa. Itakuonyesha mahitaji yaliyosahaulika na faili zilizokaa pabaya. Kisha jenga ndani ya mazingira safi kwa pkgctl build, iliyomo katika devtools. Amri hiyo huunda mfumo mtupu wa Arch pembeni na kujengea humo, kwa hiyo kila hitaji ulilolisahau hujitokeza. Mara ya kwanza itataka mega nyingi, lakini inatumia akiba ya pacman iliyomo tayari kwenye kompyuta yako. Kwa hiyo usiisafishe akiba hiyo kabla.

Kupeleka

Fungua akaunti ya AUR na uweke ufunguo wako wa SSH. Kisha:

git clone ssh://aur@aur.archlinux.org/hunspell-sw.git

Kama jina halijachukuliwa, utapata folda tupu. Weka PKGBUILD, ukianza na mstari wa Maintainer wenye jina lako na anwani yako. Endesha makepkg --printsrcinfo > .SRCINFO, kwa sababu tovuti husoma faili hiyo, haisomi PKGBUILD. Ukibadilisha toleo ukasahau kuitengeneza upya, wenzako hawataona badiliko lolote. Thibitisha kwa git commit yenye ujumbe unaosema ulichofanya, sukuma kwenye tawi la master, basi. Usiweke humo vifurushi vilivyojengwa wala vyanzo vilivyopakuliwa.

Ghala dogo ndani ya flashi

Si kila mtu atakifikia kifurushi kwa mtandao. Shule ya Fizi yenye kompyuta chache na isiyo na mtandao inaweza kuhudumiwa na flashi moja. Weka vifurushi vilivyojengwa kwenye folda moja, pamoja na kila kitu vinachokitegemea, kisha:

repo-add tanganyika.db.tar.gz *.pkg.tar.zst

Kwenye kompyuta ya upande wa pili, ongeza ndani ya /etc/pacman.conf:

[tanganyika]
SigLevel = Required DatabaseOptional
Server = file:///mnt/flashi

Jina ndani ya mabano lazima liwe sawa na jina la faili ya .db. Tia saini vifurushi kwa makepkg --sign, na umpelekee mpokeaji ufunguo wako wa hadharani mkono kwa mkono, auongeze kwa pacman-key. Watu wengi huruka hatua ya saini kwa kuwa flashi inatoka kwa mtu wanayemfahamu. Lakini flashi hiyo imepita kwenye mashine ngapi kabla ya kufika? Saini ndiyo inayojibu. Ukiweza, panga flashi kwa ext4, na tatizo la nukta mbili litakuwa limekwisha pia.

Tahadhari moja: vifurushi vya any husafiri bila shida, lakini programu iliyokompailiwa hufungwa na maktaba za siku ilipojengwa. Usiisakinishe juu ya mfumo ambao haujasasishwa tangu mwaka jana. Arch haiungi mkono masasisho ya nusu nusu. Ama peleka masasisho yote, ama jengea kulekule.

Ukiwa mtumiaji, soma

Julai 2018, mtu alichukua kifurushi yatima cha acroread ndani ya AUR na kukitia msimbo wa hila. Tarehe 16 Julai 2025, vifurushi vilivyojifanya marekebisho ya vivinjari, kikiwamo librewolf-fix-bin, vilipakiwa vikiwa na programu ya kutawala kompyuta ya mtu kutoka mbali. Viliondolewa siku mbili baadaye. Katika visa vyote viwili uovu ulionekana wazi kwa yeyote aliyefungua PKGBUILD na kuuliza: kwa nini chanzo kinatoka huku?

Basi soma kila mara: anwani za source, faili ya .install kama ipo, na kila amri inayopakua kitu nje ya orodha. Unaposasisha, soma kilichobadilika tu. Na unapofunga wewe, andika maelekezo mafupi na wazi kiasi kwamba mtu asiye fundi mkubwa anaweza kuyasoma akayaelewa. Kifurushi kisichosomeka kinamwomba mtu akuamini bila sababu.

Kutunza, na kuachia

Kifurushi kilichopelekwa ni kazi iliyoanza. Fuatilia matoleo ya wenye programu, jibu watu wanaokuarifu kasoro, na jenga upya pale maktaba zinapobadilika. Tafuta mtunzaji mwenza mapema, ikiwezekana aliye mji mwingine, ili delestaji ya Uvira isiwe sababu ya kifurushi kukaa miezi bila kurekebishwa. Machi 2024 dunia iliona hatari ya kumwachia mtu mmoja mzigo wote: mradi wa xz, unaotumika karibu kila mahali, ulikuwa na mtunzaji mmoja aliyechoka, na mtu aliyejifanya msaidizi kwa muda mrefu akapenyeza mlango wa siri. Aliyeugundua, Andres Freund, alishtuka kuona muunganisho wa SSH umechelewa kwa nusu sekunde tu.

Siku usipoweza tena, tangaza na ukabidhi kwa mtu unayemjua kazi yake. Kama hakuna, kiachie rasmi kiwe yatima, watu wajue kinahitaji mtunzaji. Hiyo ni bora kuliko jina lako kubaki juu ya kitu kilichokufa. Ukiwa na nguvu bado, anza na kimoja kidogo unachokitumia mwenyewe. Kijenge mahali safi, mpe mwenzako wa mtaa wa pili akijenge kwake ukiwa haupo, na urekebishe kila alipokwama. Akifaulu bila kukupigia simu, kipeleke.